Fundi Aliyegonjweza Boti

Katika miji mingine fundi hulipwa kwa kutengeneza. Uvira, miaka ile ya vita, aliyekula vizuri ni fundi aliyejua kuharibu. Askari waliokuwa wameushika mji walichukua chochote kinachonguruma: lori, pikipiki, mashine ya kusagia muhogo, hata jenereta ya parokia. Walisema wanaazima. Kitu walichoazima ukikiona tena, umekikuta kando ya barabara ya Kamanyola hakina magurudumu, mbuzi wamelala ndani. Basi watu wakapata ile akili ya kiwendawazimu ambayo vita humpa mtu, wakaanza kuzigonjweza mashine zao wenyewe. Lori zima linafanywa mahututi, na siku askari wakipanda milimani linaponywa haraka, linakwenda kubeba mchele Luberizi, linarudi, linaugua tena.

Wengi waliufanya uongo huo kitoto. Walitoa betri wakaifukia shambani. Lakini askari naye ana macho. Akikuta betri haipo anajua ipo mahali, na mwenye lori akishapigwa vya kutosha atapaonyesha. Bonaventure wa mtaa wa Nyamianda hakufukia kitu. Mashine aliyoigonjweza yeye ilikuwa na kila kiungo chake. Taa inawaka, honi inalia, na ukigeuza ufunguo inakujibu "tak" moja kavu, halafu kimya. Unaweza kuitukana hadi jioni. Askari waliondoka wakiionea huruma.

Alikuwa mtu mfupi, mwenye vidole vinene vilivyobabuliwa na maji ya betri, mzaliwa wa Luberizi, mtoto wa wakulima wa mpunga, Mfuliiru kwa kabila, mtu wa uwandani asiyejua hata kuogelea. Umeme aliujulia chini ya malori ya mchele, akilala chali kwenye oili chafu. Na alikuwa na kiburi, tusimfiche. Mtu akimwuliza ugonjwa ameuweka wapi, alijibu, "Munganga hatangazake magonjwa ya batu." Watu walicheka, naye alipenda wacheke.

Kazi aliyojivunia kuliko zote ilikuwa boti ya Mama Spès, muuguzi wa kituo cha afya cha mtaani. Ilikuwa boti kuukuu ya aluminiamu, injini yake ya gari, na haikuwa na pangaboi kama boti nyingine. Ilivuta maji kwa tumbo ikayatapika nyuma kwa nguvu, na matapishi hayo ndiyo yaliyoisukuma. Aliyeileta ni Mzungu mmoja aliyekuwa akinunua samaki wadogo wa rangi, wale wanaokaa kwenye mawe, akiwapeleka Ulaya wakatazamwe kwenye vioo. Wapiga mbizi wake walishinda chini ya maji, ndiyo maana alitaka chombo kisicho na panga la kumpasua mtu kichwa. Vita vya kwanza vilipoingia, mwaka wa tisini na sita, Mzungu alipanda ndege, akamwachia Mama Spès boti, na ufunguo akamwachia dereva wake, Révérien.

Révérien alikuwa Mrundi wa uwandani, mrefu, mpole, aliyeanza kama mpiga mbizi. Kuendesha chombo kile hakukuwa mchezo. Ukiachia gesi, maji yakakosa msukumo, hakigeuki. Ukiogopa jiwe ukapunguza moto, ndiyo kwanza kinakwenda kwenye jiwe. Ni lazima uongeze pale moyo unapokuambia upunguze. Mji mzima aliyeweza hilo alikuwa yeye peke yake.

Barabara ya kusini ilikuwa imefungwa kwa bunduki. Mwanamke aliyeshindwa kujifungua Makobola au Mboko alibakiwa na ziwa tu, na daktari wa upasuaji aliyekuwa karibu alikuwa ng'ambo, Bujumbura, maana wa Uvira alikimbia, vyombo vyake vikaporwa. Kwa makasia, kuvuka hula nusu siku. Kwa boti, ukiacha chai mezani unafika haijapoa sana. Wanawake wa pwani ile yote waliijua boti hiyo, na hakuna hata mmoja aliyeitaja sokoni.

Bonaventure aliikuta nyaya zake zimeoza kwa unyevu na kutafunwa na panya. Alizing'oa zote, akaweka za malori yaliyokufa. Kisha akaiwekea ugonjwa, na ugonjwa aliuweka kwenye masi. Umeme una njia ya kwenda na njia ya kurudi. Masi ndiyo ya kurudi, waya mnene unaotoka kwenye chuma cha injini hadi betri, umekazwa kwa bolti moja. Alikata vipande viwili vya mpira wa baiskeli, kimoja chini ya kichwa cha waya, kimoja juu, na bolti akaivisha kijibomba cha kalamu. Ukitazama, waya umekazwa. Kumbe haugusi chuma. Pembeni aliacha waya mwingine mwembamba kama uzi. Umeme mdogo wa taa ulipita kwenye uzi huo, mtu akadanganyika kwamba kila kitu ni kizima; umeme mkubwa wa kuzungusha injini haukupata pa kupita. Kuiamsha boti ilikuwa kufungua bolti, kutoa mpira, kukaza tena.

Askari waliijaribu wakachoka. Walimzoea hata Bonaventure mwenyewe. Wakimwona ameinama juu ya injini walimpigia kelele, "Fundi, hiyo iko maiti, uizike!" Naye aliwapungia bisibisi.

Siri ya mpira ilikuwa ya watu watatu, fundi, muuguzi na dereva, na sharti lilikuwa moja: boti haiamshwi mbele ya macho ya askari. Mgonjwa akija, wanaivuta kwa mtumbwi hadi nyuma ya matete, kana kwamba wanakwenda kuikausha maji, na askari wakishaondoka ufukweni ndipo Bonaventure anatoa mpira wake. Wakiiona inakwenda siku moja tu, haitavusha mwanamke mwingine. Sharti hilo walilikubali wote watatu, na Révérien ndiye aliyelikubali wa kwanza.

Halafu ikafika zamu ya Inamahoro, mke wa Révérien.

Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Damu ilianza asubuhi. Siku hiyo kikosi kizima kilikuwa ufukweni, wanafua na kuoga, povu limejaa majini, sare zimeanikwa juu ya matete yale yale. Révérien alikuja mbio hadi uani kwa Bonaventure, ambaye wote walimwita kwa jina la binti yake.

"Papa Alliance, kuya. Tuiamushe boti."

Bonaventure alitoka hadi kwenye kona, akatazama ufuko, akarudi.

"Basoda banaoga. Tungojee batoke."

"Hataweza kungojea. Damu iko inatoka sana."

"Révérien, weye mwenyewe ulikubali. Tukiiamusha mbele yabo leo, kesho ni mama gani atavuka? Tungojee kidogo. Njaa itabaondoa."

Alisema kwa upole, kwa sauti ya mtu mwenye haki, na haki alikuwa nayo. Hilo ndilo linalochukiza katika habari hii: alikuwa nayo. Mama Spès, mikono yake imelowa damu ya Inamahoro, alipoulizwa alisema hajui. Kisha akasema sharti ni sharti. Njaa haikuwaondoa askari. Walichinja mbuzi wakamla palepale. Mwishowe Révérien na majirani wakamlaza Inamahoro kwenye mtumbwi, wakapiga makasia kuelekea Bujumbura. Hawakufika. Walirudi jua likiwa bado juu, naye amefunikwa kitenge, na askari waliokuwa wakilamba mifupa ya mbuzi walivua kofia zao.

Bonaventure alikuwa wa kwanza kufika msibani. Alishika sururu, akachimba kaburi hadi watu wakamnyang'anya. Révérien hakumwambia neno baya. Hakumwambia neno lolote. Aliendelea kuendesha boti kila ilipohitajika, na wakiwa humo ndani walielewana kwa mikono: kidole juu, washa, kiganja chini, zima. Nyumba zao zilitenganishwa na uchochoro tu, lakini Bonaventure hakuuvuka tena, na mkewe Florentine alianza kuzunguka njia ya mbali kwenda kuteka maji ili asipite mlangoni kwa mjane yule wa kiume. Mwenzake wa rika lake mtaani aliitwa Baba fulani, huyu aliitwa Révérien basi.

Bonaventure alijiambia kwamba alifanya sawa. Tangu siku ile boti ilikuwa imevusha wanawake wengine, na walikuwa hai. Alipokutana nao sokoni, watoto mgongoni, aliwatazama kama mtu anayewatazama mashahidi wake. Aliwasalimu kwa furaha kupita kiasi, wakashangaa fundi huyu ana nini.

Mwaka uliofuata binti yake, Alliance, alirudi nyumbani kujifungua, kwa kuwa mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Mumewe alikuwa amekwama Bukavu, barabara imefungwa. Uchungu ulimshika jioni, kukapambazuka, jua likapanda, mtoto hashuki. Mama Spès alimpapasa tumbo kwa muda mrefu, akampapasa tena.

"Mutoto amelala kikingama," alisema. "Hapa siko na kisu, siko na dawa. Akibakia hapa, tunabapoteza bote babili."

Bonaventure hakwenda kwenye kona kutazama. Alisikia vicheko vya askari tangu uani, sauti za watu wanaooga, akajua, na miguu yake ikaendelea. Alichukua sanduku la vyombo vyake, akavuka uchochoro, akasimama mlangoni kwa Révérien.

Révérien alikuwa akimenya muhogo, kazi ambayo mwanamume wa Nyamianda hufanya akiwa hana mtu.

"Ni Alliance," Bonaventure alisema. "Mutoto amekingama."

Révérien aliweka kisu chini. Alitazama juu ya bega la mwenzake kuelekea ziwani, kule vicheko vilikotoka, kisha akamtazama yeye. Bonaventure alingoja kuulizwa. Hakuulizwa. Révérien alinawa mikono, akaingia ndani, akatoka na ufunguo.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Hakuna aliyeisema methali hiyo, lakini wanawake wa uchochoroni walisimama milangoni wakaona Alliance anapita kwenye kipoyi, baba yake ameshika miti ya mbele, Révérien ya nyuma, Florentine na Mama Spès ubavuni. Na kila mmoja aliona kwamba jua lilikuwa utosini na ufuko umejaa sare. Walijifunga vitenge vyao upya wakarudi ndani.

Hakukuwa na mtumbwi wa kuivuta boti wala muda wa kwenda nyuma ya matete. Walimlaza Alliance kwenye sakafu ya boti, kichwa chake mapajani mwa mama yake. Komanda wa kikosi alikuwa ameketi juu ya jiwe, taulo shingoni, kandambili miguuni.

"Fundi!" aliita. "Leo unapakia mugonjwa ndani ya maiti?"

Askari wakacheka. Wawili watatu walisogea wakakaa mchangani, kama watu waliokuja kuangalia sinema wanayoijua.

Bonaventure alifungua bolti, akatoa mipira miwili na kijibomba, akavitia mfukoni, akakaza. Akainua kidole. Révérien akageuza ufunguo.

Tak.

Akainua kidole tena. Tak. Askari wakacheka zaidi. Walikuwa wakiicheka boti ile ile iliyowachekesha miezi yote, lakini safari hii fundi hakuwa na lolote mfukoni la kuiponya. Kwa mara ya kwanza ilikuwa haiwaki na yeye hakuwa amekusudia.

Alijilazimisha kuanza kama alivyoanza kwenye malori. Taa: zinawaka, tena kwa nguvu, basi betri imejaa. Vichwa vya betri: safi. Alitoa ampuli, balbu yake ya kupimia umeme, yenye nyaya mbili, akagusa moja kwenye betri na nyingine kwenye chuma cha injini. Ikawaka nyeupe. Basi masi ni nzuri, alisema moyoni, na tena nimeikaza mwenyewe sasa hivi. Akahamia kwenye demareri, ile mota inayozungusha injini. Aliigonga kwa mpini wa nyundo, labda imekwama. Tak. Aliunganisha kwa bisibisi misumari miwili ya demareri inayoshika nyaya, ikatoa cheche dhaifu. Tak. Basi ni demareri, alisema, imekufa ndani. Akachukua spana kuifungua, na alipoishika alijua kwamba kuifungua, kuisafisha na kuirudisha ni kazi ya hadi jioni.

Alliance alikuwa akilia kwa sauti ya chini isiyokatika. Ikakatika.

"Papa," alisema. "Iko inagonjwa ya kweli?"

Binti naye alijua, basi. Mtoto wa fundi hafichwi. Bonaventure aliendelea kuzungusha spana, hakuthubutu kugeuka.

"Angalia pale unagusaka siku zote."

Alidhani ni askari aliyesema. Alikuwa Révérien, ameketi kwenye usukani, hakumtazama. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu kaburi la Inamahoro.

"Pale ni pazuri," Bonaventure alijibu. "Nimekaza minye mwenyewe."

"Njo maana nasema uangalie."

Bonaventure aliacha demareri akaweka kidole kwenye kichwa cha waya wa masi. Kilimchoma. Chuma kilichokazwa vizuri hakipati moto hivyo. Akatia spana: bolti ikazunguka, ikazunguka, haikuuma popote. Kwa kuifungua na kuifunga kila mara, meno yake yalikuwa yameliwa ndani ya chuma, na chini ya kichwa cha waya kulikuwa na kutu ya kijani, unyevu wa ziwa uliokaa chini ya mpira wa baiskeli mwaka mzima. Ugonjwa wa uongo ulikuwa umezaa wa kweli mahali palepale. Na ampuli iliwaka kwa sababu ampuli ni taa, na umeme wa taa ulipita kwenye ule waya mwembamba alioutega mwenyewe. Uongo aliowatengenezea askari ulimnasa yeye, naye akaupima na kuuamini.

Hakuwa na muda wa kujitukana. Aliuchomoa waya mnene, akakwangua kwa kisu rangi na kutu kwenye bolti iliyoshika demareri, akauvuta hadi ukafika kwa shida, akaukaza pale kwa nguvu zake zote hadi spana ikamkata kiganja. Akainua kidole chenye damu.

Injini ilikohoa, ikanguruma, boti ikatapika maji hadi juu ya mchanga na kulowesha sare zilizoanikwa. Vicheko vilikatika. Askari mmoja aliokota bunduki yake akaikoki.

Komanda hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliinuka, akaingia majini hadi magotini, akaweka kiganja kwenye ubavu wa boti kama mtu anayempapasa ng'ombe kabla ya kumnunua, akakiacha pale akisikia inavyotetemeka.

"Kumbe," alisema. Akamgeukia Bonaventure. "Kumbe iko nzima."

Kisha akamwonyesha Florentine kwa kidole. "Mama atashuka. Atabakia hapa na siye. Muende, mupeleke mutoto kwa munganga, halafu mutuletee boti yetu."

Florentine alikihamishia kichwa cha binti yake kwenye mapaja ya Mama Spès, akashuka majini na kitenge chake chote. Aliketi juu ya jiwe la Komanda alipoonyeshwa, hakugeuka nyuma.

Walivuka. Mama Spès alikuwa na ndugu hospitalini Bujumbura, na kabla ya jioni Alliance alipasuliwa, mtoto akatolewa, wa kiume, wa bluu kwanza, kisha mwekundu, kisha mwenye kelele. Wote wawili walikuwa hai. Bonaventure alimwona binti yake mlangoni kwa kitambo kidogo tu, akaona midomo yake mikavu inatabasamu, akalia mbele ya watu bila haya. Furaha yake ilikuwa ya kweli na nisingependa kuipunguza. Lakini mkewe alikuwa ameketi katikati ya askari, basi akamwacha Mama Spès na mgonjwa, akarudi pwani. Révérien alikuwa akimngoja ndani ya boti. Angeweza kutongoja. Alikuwa na ndugu zake upande huo, na hakukuwa na mtu wake ufukweni Uvira.

Katikati ya ziwa injini ilizimika.

Bonaventure aliruka kwenye masi, spana mkononi.

"Haijakufa," Révérien alisema. "Ni minye nimeizima."

Boti bila moto haina adabu. Ilianza kuzunguka yenyewe, maji yakipiga bati. Milima ya Uvira ilikuwa mbele, kisha ubavuni, kisha nyuma. Révérien alikuwa amegeuka kwenye kiti chake, anamtazama uso kwa uso.

"Ile siku ya Inamahoro ulienda kwenye kona kuangalia basoda. Ulifikiri?"

"Nilifikiri."

"Ulifikiri nini?"

"Bamama ba Mboko. Ba Makobola. Sharti yetu."

"Na leo?"

Bonaventure aliweka spana chini. Angeweza kusema kwamba mtoto alikingama, kwamba mtumbwi haukuwepo, kwamba siku zile na siku hizi si sawa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hilo pia angeweza kulisema, kama angetaka kumwambia Révérien ya uchungu wa mwana. Maneno yote yalikuja hadi kwenye ulimi, yakaona aibu.

"Leo sikufikiri," alisema. "Sikwenda hata kwenye kona."

Révérien alitikisa kichwa polepole. Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana mtu aliyechoka ambaye hatimaye ameonyeshwa mahali pa kukaa.

"Njo nilikuya kwa sababu ya hiyo tu," alisema. "Nilitaka kujua kama ile siku ilikuwa sharti kweli."

Akageuza ufunguo. Iliwaka mara moja.

Ufukweni Komanda alitaka kuonyeshwa ugonjwa, na Bonaventure alitoa mfukoni mipira miwili na kijibomba cha kalamu. Vilipitishwa mkono kwa mkono. Hakuna aliyecheka. Alipigwa, lakini si sana, maana fundi anahitajika. Florentine akaachiwa, wakaenda nyumbani bila kuongea. Kesho yake askari mmoja aliyejidai dereva aliachia gesi mbele ya mawe, akaipandisha boti juu ya mawe. Basi wakaenda kumchukua Révérien. Tangu hapo aliwaendesha wao, bunduki imeelekezwa mgongoni kwake, kusini na kaskazini, na vijiji vilivyokuwa vikiisikia boti hiyo na kuleta wagonjwa pwani sasa vilipoisikia vilikimbilia milimani.

Wanawake waliendelea kushindwa kujifungua, vita au si vita. Walivushwa kwa makasia. Wapo waliofika. Watu wa Nyamianda hawakumlaumu Bonaventure kwa mdomo. Waliacha tu kumletea mashine zao. Alipopita, mwenye lori alijitia kutafuta kitu chini ya kiti.

Alliance alirudi na mtumbwi wa wafanyabiashara, amekonda, anacheka, mtoto kifuani. Hakuna aliyemwambia kitu, wala yeye hakuuliza. Alikuwa amekwisha kuamua njiani: mtoto ataitwa Révérien, kwa ajili ya mtu aliyemvusha. Florentine alipiga vigelegele. Ikabidi babu wa mtoto aende kumwambia mwenye jina, kama heshima inavyotaka.

Bonaventure alimkuta ufukweni akimimina petroli, askari amesinzia karibu yake na bunduki magotini. Alisimama mbali kidogo akayasema aliyotumwa. Révérien aliendelea kumimina hadi dumu likaisha.

"Mutoto ni muzima?" aliuliza.

"Ni muzima."

"Ananyonya?"

"Ananyonya sana."

Révérien alifunga kifuniko cha tangi, akafuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja.

"Umuambie Alliance asante. Lakini ile jina iko na mwenyewe. Inamahoro alishaipatia mutoto wetu, na tulibazika bote babili pamoja."

Bonaventure alirudi nyumbani akawaambia watafute jina lingine.